Miaka Yangu na Nusu ya Kinamasi

Siku ya kuniaga ofisini mlinipa keki, kadi kubwa yenye picha ya bata, na dakika chache za kusema. Nilisimama, nikashukuru, nikakaa. Bata yule hakuwa hata wa Asia, lakini sikutaka kuharibu sherehe. Baadaye Mwanaidi alinifuata jikoni nikiwa nasuuza kikombe, akaniambia, "Mama Eusebia, umesema ahsante tu. Sisi tulitaka kusikia kazi yenyewe." Kiptoo alikuwa amesimama mlangoni na kipande cha pili cha keki, naye akaitikia kwa kichwa.

Basi kazi yenyewe ni hii. Naiandika kwa Kiswahili kwa kuwa ninyi wawili mnakisoma, na kwa kuwa kwa Kiingereza nimeieleza katika ripoti nyingi mno hata imekauka. Habari za vyeo sitazitia. Vilikuwa vichache, na havikunihamisha ofisi.

Siku ya kwanza nilifika mapema mno, nimevaa viatu vipya vinavyonibana. Nilikuwa nimesomea mambo ya maji na viumbe wake, na nilikulia Ifakara, katika bonde la Kilombero, ambako wakati wa masika maji husogea mpaka karibu na jiko. Kwa hiyo niliposikia kwamba kuna shirika dogo la kulinda ardhioevu za Asia linatafuta msaidizi, nilijua nakwenda kwenye tope. Nilichokikuta ni chumba cha chini katika nyumba kuukuu karibu na stesheni, kusini ya London, chenye zulia la kijivu, ramani ukutani, na watu wachache wenye mafua. Maji yaliyokuwemo ni yale yaliyovuja dirishani mvua ikinyesha, na hayo tuliyawekea ndoo.

Nilipewa kiti, kompyuta na rundo la ripoti za kusoma. Hakuna aliyenisemesha tena mpaka karibu na saa ya chakula, niliposikia sauti ya mwanamke nyuma ya kabati, kwa Kiswahili.

"Mashine gani hii, haina hata adabu! Kila siku wewe tu!"

Nilidhani nimeanza kuchanganyikiwa. Nikazunguka kabati, nikamkuta mama wa Kihindi aliyevaa sweta la kijani juu ya sari, mikono imejaa karatasi zilizokunjamana, anaigombeza mashine ya kuchapia.

"Shikamoo," nikasema.

Aliziweka karatasi chini polepole. "Marahaba, mwanangu. Wewe umetoka wapi?"

"Ifakara."

"Ifakara! Kuna mchele."

"Upo, mama."

"Mzuri kuliko huu wanaotuuzia hapa," akasema, kisha akanikabidhi karatasi nizinyooshe.

Huyo ndiye Mama Kusum. Alizaliwa Mwanza, baba yake akiuza vitambaa, na familia ilihamia Uingereza yeye akiwa msichana. Aliishi Harrow, upande wa pili wa London, na mumewe na watoto wawili, akija kazini kila siku kwa treni mbili na basi. Yeye ndiye aliyesimamia miradi yetu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Kiswahili chake kilikuwa cha Mwanza ya utoto wake, chenye maneno ambayo hata bibi yangu alikuwa ameshayaacha, na kwa muda mrefu nilikuwa mtu wake pekee wa kukitumia. Wenzetu walidhani tunapanga mambo makubwa. Mara nyingi tulikuwa tunazungumzia dagaa.

Alinifundisha kazi hivi hivi, tukiwa kwenye mambo mengine. Kuhusu ripoti alisema, "Usisome walichoandika. Soma walichoacha kuandika." Kama ripoti ya mwezi uliopita ilitaja samaki na ya mwezi huu haiwataji, piga simu. Na ukipiga simu, usiulize kama mradi unaendelea vizuri. "Nani atakujibu kwamba hauendelei? Waulize jana wamekula nini. Wakikwambia samaki wa kununua mjini, ujue kinamasi kinaumwa." Nimetumia swali hilo kazi yangu yote. Kuna mtaalamu mmoja aliwahi kuniandikia waraka mrefu kunieleza kwa nini si la kisayansi. Nilimjibu kwa heshima, kisha nikaendelea kuuliza.

Kinamasi kilichonichukua miaka yangu kiko kusini mwa Kambodia, si mbali na mpaka wa Vietnam. Mara ya kwanza nilikwenda na Mama Kusum. Nilibeba darubini, fimbo ya kupimia kina yenye alama za rangi, na buti za mpira nilizonunua kubwa kuliko mguu ili niwe na nafasi ya soksi. Msifanye hivyo. Tope la kule lilinivua buti zote mbili kabla sijafika penye maji, nikaingia kwenye maisha yangu ya utaalamu nikiwa na soksi.

Mwanamke mmoja alikuwa akitutazama kutoka kwenye tuta, mundu mkononi. Alicheka mpaka akaketi. Kisha akashuka, akachimbua buti moja, akanipa.

"Hapa pekupeku," akaniambia kwa Kiingereza chake kichache. "Buti kwa mji."

Jina lake Sophea. Tulikuwa karibu umri mmoja. Alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa katika kiwanda cha nguo Phnom Penh, akishona suruali ambazo pengine zilikuja kuuzwa sokoni kwetu Lewisham, London, kisha akarudi kijijini mama yake alipougua. Sasa aliongoza kikundi cha wanawake wanaovuna nyasi za majini, ndefu, za mviringo, zisizo na majani. Mimi niliziita milulu, kwa jinsi zilivyofanana na zile za mikeka ya kwetu. Walizikata, wakazianika, wakazitwanga zilainike, wakasuka mikeka na vikapu. Kinamasi kiliwalisha samaki, kikawapa nyasi za kuuza, na wakati wa kiangazi kikapokea korongo.

Korongo wale niliwaona juma lile lile. Ni wakubwa, rangi ya kijivu, vichwa vyekundu, na wakisimama wanakaribia urefu wa mtu. Hutembea wawili wawili, wakichimbua viazi vidogo vya nyasi ardhini kwa midomo. Mmoja akianza kuita, mwenzake hudakia, hata ukifumba macho huwezi kujua ni sauti ngapi. Tulikuwa tumejilaza juu ya tuta, mimi na Sophea, Mama Kusum akiwa amekaa nyuma yetu na mwavuli wake.

"Mume wako yuko wapi?" Sophea akaninong'oneza.

"Dar es Salaam."

"Mbali?"

"Mbali."

Baba yake Neema, binti yangu, alikuwa amerudi Dar mwaka ule, kwa maneno ya kwamba atatuita akishatengemaa. Pale juu ya tuta, nikiwaangalia ndege wale, ndipo nilipojua kwamba hatatuita. Sikulia. Korongo wana macho makali, wangeruka.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kawaida, na ya kawaida ndiyo iliyo mizuri katika kazi hii. Nilikwenda mara moja kwa mwaka, wakati mwingine mara mbili. Tulipima kina cha maji, tukahesabu ndege, tukawasaidia wanawake kukubaliana nani akate wapi na lini, ili nyasi zipate kupumua. Neema alikaa kwa mama jirani nilipokuwa safarini. Nilimpigia na kumsemesha kwa Kiswahili, naye akanijibu kwa Kiingereza, jambo ambalo mpaka leo tunalifanya kwa amani.

Kisha likaja jambo gumu. Kampuni moja ya kufuga kamba ilipata kibali cha kuchimba mabwawa ndani ya kinamasi chote. Tulipeleka pingamizi, Sophea na wenzake wakaenda ofisi ya mkoa, wakarudi, wakaenda tena. Ikaonekana kwamba tukiweza kuonyesha mpango wa kweli wa kulilinda eneo lile, na mfadhili wa kuubeba, serikali ingekubali kulitenga. Mfadhili alipatikana. Lakini alitaka uzio. Alitaka ndege, maji, na mtu asiingie.

Mkutano ulifanyika ofisini kwetu, meza ile ile tuliyokuja kukatia keki yangu. Mkurugenzi wa wakati huo, Bwana Julian, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka.

"Bila mfadhili huyu tunapoteza kinamasi chote," alisema. "Pamoja na uzio, angalau tunaokoa ndege."

"Na Sophea?" nikauliza.

"Tutatafuta kitu kingine cha kuwafanyia. Mafunzo. Mashine za kushonea."

"Alishatoka kwenye mashine ya kushonea," nikasema. "Ndiyo maana yuko kinamasini."

Siku zile Mama Kusum alikuwa ameanza kukonda, na sweta lile la kijani lilimning'inia. Aliweka viganja mezani.

"Julian, mimi nilikuwa na miaka kumi na tatu nyumba yetu ya Mwanza ilipotaifishwa, ikawa si yetu tena," alisema kwa Kiingereza chake kilichonyooka. "Walituambia ni kwa faida ya wengi. Pengine ilikuwa kweli. Lakini sitaweka jina langu kwenye karatasi inayomwambia mwanamke atoke nyumbani kwake kwa ajili ya ndege. Hata kama ndege ni mzuri. Na huyu ni mzuri sana."

Wajumbe wa bodi walipiga kura, na uzio ukakataliwa kwa kura moja. Mfadhili akaondoka. Tulishinda asubuhi ile, na sikumbuki ushindi uliofanana na msiba namna ile. Wenzetu wawili walipoteza kazi kwa uhaba wa fedha kabla ya mwaka kwisha, mmoja wao akiwa rafiki yangu, na hakunisalimu tena.

Mkoa ukaamua kwa namna ambayo mikoa huamua, yaani kugawanya. Nusu ya kinamasi ikatengwa kwa ajili ya kijiji na ndege. Nusu ikapewa kampuni.

Nilikwenda kushuhudia mipaka ikiwekwa. Nilisimama na Sophea juu ya tuta huku mashine ya kuchimbia ikiingia upande wa mashariki, pale mama yake alipokuwa akikata nyasi tangu yeye akiwa mgongoni. Ilishusha mkono wake, ikazoa tope jeusi, ikalimwaga, ikarudi. Korongo walikuwa wameshaondoka.

"Wewe utarudi London," Sophea akasema bila kunitazama.

"Ndiyo. Keshokutwa."

"Mimi nitaamka hapa."

Hakulisema kwa hasira. Nikakaa naye mpaka dereva wa mashine alipoizima akaenda kula. Mwanaidi, uliniuliza siku moja jambo gani ni gumu kuliko yote katika kazi hii, nami nikakujibu ni kuandika maombi ya fedha. Nilikuwa nakutania. Jambo gumu ni ile keshokutwa.

Mama Kusum alistaafu mwaka uliofuata, na ugonjwa wake ukajulikana jina. Nilirithi dawati lake, pamoja na ile mashine. Siku moja mwanawe akanipigia simu ofisini. "Auntie, mama anaongea kitu hatukielewi. Si Kigujarati. Tunadhani ni lugha yenu."

Nilipanda treni mpaka Harrow. Nyumba ilikuwa kimya, viatu vimepangwa mlangoni, na watoto wake wakubwa wamesimama ukumbini kama wageni. Mama Kusum alikuwa amelala karibu na dirisha. Kiingereza kilikuwa kimemwacha na Kigujarati kinakuja na kuondoka, lakini Kiswahili cha Mwanza kilikuwa kizima.

"Hawa watoto hawasikii," akaniambia. "Nimewaomba chai ya tangawizi tangu asubuhi. Wananiletea dawa."

Niliwatafsiria. Binti yake alikwenda jikoni akilia na kucheka. Tulipobaki wawili akaufunga mkono wangu ndani ya wake.

"Kile kinamasi chetu," akasema. "Kipo?"

"Nusu ipo, mama."

Alifikiri kidogo. "Nusu si haba."

Baada ya hapo nilikwenda Harrow kila Jumamosi mpaka alipofariki. Walimwombea katika hekalu la Kihindu la Neasden, nami nilikaa nyuma, Mkatoliki wa Ifakara, sijui wakati wa kusimama wala wa kukaa, nikiwatazama watu wengi waliompenda kwa lugha nisiyoijua. Nilitaka kumwambia mtu kwamba marehemu alikuwa anajua kutukana mashine kwa Kiswahili. Hapakuwa na wa kumwambia.

Kuanzia hapo ofisi ilikuwa na watu wema lakini kwangu ilikuwa kimya. Nilikula chakula changu mezani. Neema alipata kazi Manchester, akahama. Nilikwenda Ifakara kumzika mama yangu, nikatembea mpaka pale palipokuwa na maji utotoni mwangu, nikakuta mashamba ya mpunga yamenyooka. Sikumlaumu mtu, watu wanakula. Shangazi yangu akaniuliza, "Sasa wewe mabwawa ya Wachina unayalinda, ya kwetu nani atalinda?" Nilimweleza kwamba si Wachina. Hiyo haikuwa hoja yake, na wote wawili tulijua.

Ulipokuja ule ugonjwa uliofungia dunia nzima ndani, kompyuta ya kazi ilihamia kwenye meza yangu ya kulia chakula, Lewisham, na zilikuwapo wiki ambazo sauti pekee iliyonisemesha ilikuwa ya Sophea. Tulipiga simu kwa ajili ya kina cha maji. Akishanipa kipimo, hakukata. Aliegesha simu kwenye tuta akaendelea kukata nyasi, nami nikapika, vyura wa Kambodia wakipiga kelele jikoni kwangu. Jirani wa juu aliwahi kugonga sakafu.

Kampuni ya kamba, kwa upande wake, haikudumu. Udongo wa kule una tabia moja: ukiuchimba ukakauka, hutoa uchachu, na maji yakigeuka machachu kamba hufa. Walifukuzana na tatizo hilo misimu kadhaa, wakatia chokaa kwa malori, mwishowe wakafunga geti na kuondoka. Yakabaki mabwawa makavu yenye rangi ya kutu, na matuta marefu yaliyozuia maji yasirudi. Ungedhani kuyabomoa ni jambo la asubuhi moja. Lakini mkataba ulikuwa bado hai ingawa kampuni ilikuwa imekufa, na kila ofisi ilisema ruhusa iko ofisi nyingine. Miaka yangu ya mwisho ilikwenda humo. Ninyi mlinikuta katika hatua hiyo, mkadhani kazi yangu ni kusubiri simu. Mlikuwa hamjakosea sana.

Safari ya mwisho nilikwenda peke yangu, kuaga. Sophea alikuwa na mvi na miwani, na bintiye ndiye aliyeongoza wakataji. Alinipa mkeka. Tulikaa juu ya tuta la kampuni, miguu ikining'inia upande wenye nyufa.

"Ukiacha kazi," akaniuliza, "utakwenda nyumbani?"

"Nitakuwa nyumbani. Lewisham."

"Nani yuko Lewisham?"

Nilimwambia kuna soko zuri na kanisa. Akanisogezea embe alilokuwa akilimenya, lote.

Basi nikastaafu, keki ikaliwa, bata akapigwa msumari ukutani. Ruhusa ilikuwa haijaja. Kukabidhi jambo ambalo halijakwisha ni sawa na kuteremka basi likiwa linatembea. Unasimama barabarani, na mwili wako bado unakwenda.

Wiki chache baadaye nilikuwa hospitali ya Lewisham, kliniki ya presha, asubuhi, nimekaa kwenye viti vile vya plastiki vilivyounganishwa. Simu ikaita. Ilikuwa Sophea, kwa video, na mwanzoni niliona anga tu na sikio lake.

"Ruhusa imekuja jana!" akapaza sauti. "Leo tunachimba. Angalia!"

Akageuza simu. Kijiji kizima kilikuwa juu ya tuta na majembe, wanawake mbele. Palikuwa na mwanya katikati, si mpana, na maji ya rangi ya chai yalikuwa yakipita kutoka upande wetu kuingia upande ule mwingine, yakijaza nyufa moja baada ya nyingine. Hakuna aliyeshangilia. Walikuwa wameegemea majembe wanatazama. Bintiye Sophea alivuka mwanya, akateremka bondeni, akasimama ndani ya maji.

"Ofisini umewaambia?" nikauliza.

"Bado. Nimekupigia wewe kwanza."

Halafu mtandao ukakatika. Nilijaribu kumpigia, haikupatikana. Ninyi mliipata habari hiyo baadaye, katika ripoti, nami nimeambiwa mlishangilia. Mimi nilikuwa nimeketi na simu mapajani, moyo unakwenda mbio kwa namna ambayo kliniki ile isingeipenda, na chumba kizima kilikuwa kinasoma mabango ya chumvi na sukari. Neema alikuwa kazini. Mama Kusum hayupo. Mtu mwingine wa kumpigia sikumpata kichwani.

Mzee wa Kijamaika aliyekaa kiti cha pili, na fimbo kati ya magoti na gazeti mapajani, akanigeukia.

"Habari njema au mbaya?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Njema. Maji yamerudi."

"Nyumbani kwako?"

"Hapana. Kambodia."

Nilitegemea atasema "vizuri", kisha arudie gazeti lake, kama watu wafanyavyo, na nisingemlaumu.

"Mengi kiasi gani?" akauliza.

Nilisimama. Nikasogeza koti pembeni, nikainama, nikaweka ubavu wa kiganja chini kidogo ya goti, pale maji yalipomfikia bintiye Sophea.

"Mpaka hapa," nikamwambia.

Mzee akaegemea fimbo yake apate kuona sawasawa. Akapatazama pale mahali kwa makini, nami nikabaki nimeinama, mkono ukiwa mguuni, hata muuguzi alipofungua mlango na kuita jina la mtu mwingine.